Je, mnyama mla nyama anaweza kumchukua mtoto kambini asiache alama yoyote?

Mwalimu wa Njoro aliuliza:

Salamu kwenu nyote. Swali hili limetokana na ubishi uliozuka katika chumba cha walimu juma lililopita, tulipokuwa tukipanga safari ya wanafunzi wa gredi ya nne na ya tano, ambao tunatarajia walale usiku mmoja katika kambi ya Makalia, upande wa kusini wa Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru. Mwenzetu mmoja alitukumbusha habari ya mtoto wa miaka miwili aliyetoweka mnamo Julai 2015 katika kambi moja ya milimani, jimbo la Idaho nchini Marekani, ilhali watu wazima wa familia yake walikuwa pale pale kambini. Mbwa wa kunusa, wapiga mbizi na helikopta vilitumika, na msako haukumpata.

Hapo chumba kikagawanyika. Upande mmoja ulishikilia kwamba milima ile ina puma (paka mkubwa wa porini wa Amerika), dubu na mbwa mwitu, kwa hiyo hakuna fumbo lolote la kufumbua. Upande wa pili ulidai kwamba hakuna mnyama anayemla mtoto pamoja na nguo na viatu vyake, na kwamba mahali pasipo na damu mhusika ni binadamu, tena binadamu wa karibu. Aliyeusemea upande huo alimaliza kwa "lisemwalo lipo", kisha akarudi kwenye chai yake kana kwamba kesi imekwisha kusikizwa.

Mimi sikuridhika na upande wowote. Wa kwanza haukutaja hata alama moja ambayo mnyama angeiacha, na wa pili uliruka kutoka "hatuoni damu" hadi "basi ni wazazi" bila kupita popote katikati. Ningependa kusikia kutoka kwa watu wanaowafahamu wanyama kuliko tunavyowafahamu sisi wa chaki: je, inawezekana kweli, na kama inawezekana, ni nini kinachobaki nyuma?

Askari Mstaafu, Nakuru, alijibu:

Mwalimu, nimelinda wanyamapori kwa miaka ishirini na saba, kwanza Mlima Elgon, kisha Ruma, na mwisho hapa Nakuru. Jibu langu la kwanza ni kwamba neno "mnyama" ni pana mno kwa swali lako. Simba, chui na fisi hawakamati windo kwa namna moja wala hawaachi alama za namna moja, kwa hiyo anayesema kwamba mnyama lazima aache damu na anayesema kwamba mnyama haachi kitu, wote wawili wanamzungumzia mnyama ambaye mimi sijakutana naye.

Katika kambi ya usiku, chui ndiye wa kufikiriwa kwanza. Mtoto wa miaka miwili ana uzito wa kilo kumi na mbili hivi, na chui humpandisha mtini swala mwenye uzito mara tatu ya huo. Hukamata koo au kisogo, sauti ikakatika hapo hapo, na kwa kuwa meno hubaki yamezama mwilini, damu inayodondoka mahali pa tukio inaweza kuwa matone machache ambayo mtu mwenye tochi atayapita bila kuyaona. Kisha huondoka na windo lake hadi kichakani, kwa sababu hapendi kulia chakula chake mahali pa wazi. Kwa hiyo naam, chui anaweza kumtoa mtoto kambini pasipo kelele, lakini hawezi kumtoa pasipo kugusa ardhi. Visigino vinavyoburuzwa huchora mistari miwili vumbini, nyasi hulalia upande alikoelekea, na uzi wa sweta hunasa kwenye mwiba wa mgunga kwenye kimo cha goti.

Ukitaka kujua ni nani aliyepita, nenda asubuhi na mapema jua likiwa bado chini, uinamie wayo kwa ubavu badala ya kuutazama kutoka juu, maana mwanga wa ubavuni ndio unaotoa vivuli vya kingo. Jamii ya paka hawaonyeshi kucha, na sehemu ya nyuma ya kitanga chao ina mafundo matatu. Fisi huonyesha kucha zote nne, kitanga chake kimekaa mshazari, na wayo wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Niliwahi kuitwa na wafugaji walioapa kwamba chui ameua mbuzi saba usiku mmoja, na nilipoinama niliona kucha kila mahali. Walikuwa mbwa wa jirani.

Fisi ndiye anayewapotosha watu zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba anavunja mifupa na kuimeza, hata kinyesi chake huwa cheupe kwa ajili ya chokaa ya mifupa hiyo. Watu husikia hilo wakadhani kwamba anafuta kila kitu. Hafuti. Hula kwa fujo na kwa kelele, wenzake huja kugombania, na nguo huraruliwa zikatawanywa, wala hazimezwi zote. Sijaona bado fisi aliyemaliza zipu, kifungo cha chuma na soli ya kiatu. Zaidi ya hayo, penye mzoga pana tai, na mtu anayejua kazi hutazama angani kabla ya kutazama chini.

Mnakumbuka kisa cha Aprili 2025, simba alipomchukua msichana wa miaka 14 kutoka ranchi inayopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kamsa ilipigwa mapema, askari wakafuata alama, na mwili ukapatikana Mto Mbagathi. Tofauti kati ya kisa kile na fumbo la Idaho huenda isiwe mnyama kabisa. Alama zina maadui wawili, mvua na watu wema. Mwaka 1969, katika milima ya Great Smoky huko Marekani, mtoto wa miaka sita alipotea akicheza na wenzake kando ya kambi. Mvua kubwa ikanyesha saa chache baadaye, watu zaidi ya elfu moja wakaingia msituni kumtafuta kwa moyo safi kabisa, na kama palikuwa na wayo mmoja wa maana uliosalimika na mvua, yamkini ulikanyagwa siku hizo. Hakupatikana.

Mama Wawili, Kisumu, alijibu:

Mzee ameeleza vizuri, nami nashukuru, lakini naomba niwarudishe nyuma kidogo kutoka kwa chui. Wengi wenu mnaanza na mnyama au na mhalifu, na mnamsahau mtoto mwenyewe, ambaye ana miguu na ana akili yake.

Miaka minne iliyopita tulipiga kambi karibu na Ziwa Elementaita, familia tatu pamoja. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka minne. Majira ya saa kumi na mbili jioni nilikuwa nikiosha sufuria, nikamwona anachokora majivu kwa kijiti. Nilipoinua macho tena hakuwapo. Nilidhani yuko na baba yake, na baba yake alidhani yuko nami, jambo ambalo nimekuja kugundua kwamba ndilo linalosemwa na karibu kila mzazi aliyepotelewa na mtoto. Tuliita jina lake kwa dakika arobaini. Wageni wa mahema mengine walijiunga nasi, wanaume wenye sauti nzito na tochi kali, na kila mmoja alikuwa akipaza jina lake gizani.

Alipatikana hatua thelathini tu kutoka hemani, ndani ya kichaka cha leleshwa, magoti kifuani, macho wazi. Alikuwa amesikia kila mwito. Nilipomuuliza kwa nini hakuitika, alisema alidhani amefanya kosa, na kwamba watu wale walikuwa wamekasirika. Tulikuwa tumempita mara tatu. Mara moja mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika tawi la kichaka kile kile ili nisiteleze, na hadi leo nikisikia harufu ya leleshwa moyo hunienda mbio.

Watu wenye uzoefu wa misako huniambia kwamba hiyo ndiyo tabia ya watoto wadogo: hawajui kwamba wamepotea, hawarudi nyuma walikotoka, huingia mahali padogo wakalala, na sauti ya mgeni huwafanya wajifiche zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama chui anaweza kumbeba mtoto wa kilo kumi na mbili, uliza kwanza kama kila kichaka, kila mtaro, buti ya kila gari na uvungu wa kila turubai umekaguliwa na mtu aliyepiga magoti. Kisha uliza kuhusu baridi, kwa sababu usiku wa nyanda za juu unaweza kumdhuru mtoto aliyelowa maji bila mnyama yeyote kumsogelea.

Wa Sondu alijibu:

Kwa heshima zote kwa mzee, napinga sehemu moja ya maelezo yake. Amezungumza kama mtu wa nchi kavu. Sisi tuliozaliwa karibu na ziwa tunamjua mnyama ambaye kweli haachi kitu, naye ni mamba.

Mamba hamfuati mtu hemani. Humngoja pale anapochota maji au kunawa miguu. Hutokea majini mara moja, hushika, na hurudi alikotoka. Hana meno ya kutafuna, kwa hiyo hushikilia windo chini ya maji hadi life, kisha huzungusha mwili wake ili kumega. Ufukweni hubaki dumu limeelea na utelezi kidogo kwenye matope, ambao wimbi la pili hulisawazisha. Nilipokuwa kijana, mtoto wa jirani yetu alikwenda mtoni na dumu la lita tano. Waliorudi na dumu lile walikuwa wakubwa wake, na hatukupata kingine cha kuzika. Hapakuwa na damu ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa afisa yeyote, na bado hakuna mtu kijijini aliyethubutu kumshuku mama yake, kwa sababu wote tulijua kilichomo ndani ya maji yale.

Kwa hiyo, Mwalimu, kanuni ya "hakuna alama, hakuna mnyama" inafaa mahali pakavu peke yake. Kambi iliyo karibu na mto au ziwa lenye mamba inahitaji fikra nyingine, na hata pasipo mamba, maji yenyewe ndiyo ya kukaguliwa kwanza, maana mtoto mdogo huyafuata maji kama ndama.

Wakili wa Kitale alijibu:

Nimesoma michango yote kwa makini, na ningependa kulishughulikia lile ruko la upande wa pili wa chumba cha walimu, yaani "hatuoni damu, basi ni wazazi". Ruko hilo limewahi kuchukuliwa na mahakama nzima, na matokeo yake yanajulikana.

Tarehe 17 Agosti 1980, familia ya Chamberlain ilikuwa imepiga kambi karibu na Uluru, ule mwamba mkubwa wa jangwani katikati ya Australia. Usiku huo mtoto wao Azaria, mwenye umri wa wiki tisa, alitoweka hemani, na mama yake akapaza sauti kwamba dingo amemchukua. Dingo ni mbwa wa porini wa nchi ile. Siku chache baadaye nguo ya mtoto ilipatikana kilomita kadhaa kutoka kambini ikiwa na damu, lakini haikuwa imeraruliwa kwa kiasi ambacho watu walikitarajia, na hapo maneno yakaanza: mnyama gani anayemvua mtoto nguo? Uchunguzi wa kwanza wa mwaka 1981 ulikubali maelezo ya mama. Kesi ikafunguliwa upya, wataalamu wakasema wameona damu ya mtoto mchanga ndani ya gari la familia, na mwaka 1982 mama akahukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji. Ile iliyoitwa damu ilikuja kuonekana kuwa kemikali iliyonyunyizwa garini kiwandani ili kupunguza kelele.

Mwaka 1986, wakati wa kutafuta mwili wa mtu mwingine aliyeanguka kutoka mwambani, koti dogo la mtoto lilipatikana mahali penye mapango ya dingo. Ni koti ambalo mama alikuwa amelitaja tangu mwanzo na ambalo upande wa mashtaka ulitilia shaka kama lilikuwapo. Aliachiliwa, hukumu ikafutwa mwaka 1988, na mnamo Juni 2012 mchunguzi wa vifo akaamua rasmi kwamba dingo ndiye aliyesababisha kifo. Miaka thelathini na miwili, Mwalimu. Na kati ya miaka hiyo, mwaka 2001, dingo walikuwa wamemuua mvulana wa miaka tisa katika Kisiwa cha Fraser, kwa hiyo hoja kwamba dingo hawawezi ilikuwa imekwisha kufa kabla ya cheti cha kifo cha Azaria kusahihishwa.

Nisieleweke vibaya, wanyama nao husingiziwa. Simba wawili wa Tsavo waliokuwa wakiwavuta wafanyakazi kutoka mahemani mwaka 1898, wakati wa ujenzi wa reli iliyofika Kisumu miaka mitatu baadaye, walitajwa kuwa wameua watu 135. Wanasayansi walipopima kemia ya mifupa na manyoya yao, matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalikadiria watu 35 hivi. Watu wengi hufa au hutoroka kambini kwa sababu nyingine, na simba hakuwa na wakili.

Kuna pia jambo la kisheria linalofanya swali hili lisiwe la maongezi tu. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo kilichosababishwa na mnyama, na mdai hana budi kuonyesha kwamba ni mnyama. Mtu asiyeonekana, kwa upande mwingine, huchukuliwa kuwa amefariki baada ya miaka 7 bila habari zake kusikika kwa wale ambao wangepaswa kuzisikia. Familia isiyo na wayo, nguo wala picha iliyopigwa siku ile ile hubaki imekwama kati ya sheria hizo mbili. Ndiyo maana ninawashauri watu wasingoje saa ishirini na nne, kama wengi wanavyodhani kwamba ndivyo sheria inavyotaka. Nenda kituoni mara moja, uandikishe, upewe nambari ya OB, yaani ya daftari la matukio la polisi, na huku nyuma mtu mmoja asimame mahali mtoto alipoonekana mwisho asiruhusu mguu wa mtu kupita.

Askari Mstaafu, Nakuru, alijibu tena:

Wa Sondu amenishika, nami nakubali. Nilipokuwa Ruma niliwahi kusikia visa vya mamba, lakini kazi yangu ilikuwa ya nyasi na vichaka, na mtu husemea anachokijua. Mamba yuko peke yake katika jambo hili.

Nimwongezee Mama Wawili kitu kimoja. Mwaka 1999 mtoto wa miaka mitatu alipotea kwenye njia ya milimani huko Colorado baada ya kuwatangulia watu wazima aliokuwa nao. Nguo zake na mabaki machache yalipatikana mwaka 2003, mahali palipoinuka juu ya njia ile ile. Wengi walimshuku puma, ingawa haikuthibitishwa kamwe. Ninachokitaka mkione ni kwamba hata hapo, baada ya miaka minne ya theluji na jua, nguo zilikuwapo. Waliomtafuta hawakufika pale tu.

Kuhusu Makalia, Mwalimu, mbuga ya Nakuru imezungushiwa ua wa umeme, lakini kambi iko ndani ya ua huo pamoja na simba, chui na nyati, kwa hiyo ua huo haukulindi wewe, unawalinda watu wa mjini. Ningeogopa nyati kabla ya chui. Hakuna mtoto kutoka hemani usiku bila mtu mzima, hata kwa haja ndogo. Nyama isilale nje. Nyani wasilishwe mchana, kwa sababu nyani aliyezoea mikono ya watoto huivuta bila kuomba. Na uagize askari wenye silaha mapema, si jioni ile ya kufika.

Mwalimu wa Njoro alijibu:

Nawashukuru sana, na nimeyachapisha majibu yenu nikayabandika kwenye ubao wa matangazo wa chumba cha walimu, upande wa chai, mahali ambapo hakuna anayeweza kujifanya hakuyaona.

Tumebadilisha mambo mawili. La kwanza, watoto watahesabiwa kila nusu saa kwa majina, si kwa vichwa, na kila mwalimu atakuwa na watoto sita ambao hawezi kumwachia mwenzake bila kutamka jina la kila mmoja, kwa sababu lile la "nilidhani yuko nawe" limetuingia sote. La pili, kila mtoto atavaa filimbi shingoni, na tutawafundisha hapa shuleni kwamba anayepotea akae alipo, apulize mara tatu, na kwamba hakuna atakayemkemea. Hilo la mwisho tutalirudia kila siku hadi siku ya safari, Mama Wawili, kwa ajili ya kichaka chako cha leleshwa. Maporomoko ya maji ya Makalia, yaliyo karibu na kambi, tutayatembelea mchana, kwa kushikana mikono, na kurudi.

Kuhusu Idaho, wenzangu wameacha kubishana juu ya nani. Mmoja aliuliza jana kama kuna aliyelinda mahali mtoto alipoonekana mwisho kabla watafutaji hawajafika, na tukakaa kimya. Yule wa "lisemwalo lipo" naye amesoma ubao wote, akanywa chai yake, kisha akauliza filimbi arobaini na nane zitalipiwa kutoka kwa fungu gani.